Kwenye shoo ya laivu, pa kusimama ni nusu ya mziki

Mtu akiniambia jana alikuwa kwenye shoo, siku hizi swali langu la kwanza sio nani alipiga, ni ulisimama wapi. Unakuta marafiki wametoka ukumbi mmoja, bendi moja, usiku mmoja, huyu anakwambia haijawahi kutokea, mwenzie anasema sauti ilikuwa mbovu hajaambulia hata ubeti mmoja, na ukikaa nao vizuri unagundua wote wanasema kweli tupu. Mmoja alikuwa katikati karibu na mafundi mitambo, mwingine alibanwa ukutani pembeni ya lundo la spika za besi. Yaani wamelipa kiingilio kile kile wameenda shoo mbili tofauti. Miaka yote hii ya kufuata mziki wa laivu hilo ndo limeniingia kuliko kitu kingine chochote, na naona watu hawaambiwi kabisa, wanaambiwa tu wahi tiketi, wahi tiketi.

Tuanze na mbele kabisa, pale kwenye vyuma vya kuwazuia watu wasifike stejini. Mbele pana raha yake na simkatazi mtu. Unaona vidole vya mpiga gitaa la solo vinavyotembea, unaona jasho, drams unaisikia yenyewe kwa masikio yako bila kupitia spika, unasikia hata ile pumzi mwimbaji anayoivuta kabla hajapanda juu. Ila mbele hapo hapo ndo maneno ya wimbo yanapotea sana, na sababu yake ni ya kiufundi tu. Zile spika kubwa zinaning'inizwa juu kushoto na kulia alafu zinaelekezwa kwa watu walioko mbali, kwa hiyo sauti inakupita juu ya kichwa. Na zile zilizolazwa chini stejini zinamwangalia mwimbaji, hizo ni za kwao wao wenyewe, humo ndo wanajisikia wanapiga nini, sio zako wewe. Waandaaji wanaojua kazi yao wanapanga vispika vidogo kwenye ukingo wa steji vikiangalia watu wa mbele, ukiviona jua mwimbaji utampata vizuri. Usipoviona basi utasikia zaidi gitaa la yule aliyesimama usoni kwako, na maneno utajijazia mwenyewe kichwani. Kama nyimbo zenyewe unazijua kwa moyo haina shida, utaimba na utafurahi kuliko wote. Ila kama bendi ni ngeni kwako, rudi nyuma.

Nyuma hadi wapi, hadi walipo mafundi mitambo. Kila shoo kubwa ina ile meza katikati ya watu imezungushiwa uzio, kuna mikseri, ile mashine ya kuchanganya sauti, yenye vitufe kibao na mtu kavaa nguo nyeusi hachezi hata kidogo. Huyo anasikiliza kwa niaba yenu wote. Anachopandisha na anachoshusha anakipima kwa masikio yake akiwa pale pale alipo, sio stejini, wala sio kule nyuma mlangoni, kwa hiyo ukisimama hatua chache mbele yake unasikia karibu kile kile anachosikia yeye. Kuna dada mmoja fundi sauti nilimkuta baada ya shoo anakunja waya, nikamuuliza samahani dada, mbona kule nilikokuwa kinanda kilikuwa hakisikiki, akaniambia kaka, mimi nachanganya mziki wa hapa nilipo, ukitaka mziki wangu njoo ukae kwangu. Shoo iliyofuata nikaenda kukaa kwake.

Na pale sikusikia tu, niliona kazi ambayo nilikuwa sijui kama ipo. Mkono wake mmoja ulikuwa haubanduki kwenye kitufe cha mwimbaji, wimbo mzima, kidole kinapanda kinashuka milimita chache chache, mwimbaji akisogeza maiki mbali anamfuata, akiikaribisha mdomoni akapiga kelele anamshusha kabla sauti haijawaumiza watu. Mpiga solo akipiga hatua moja mbele huyu dada tayari ameshampandisha, yaani anamsoma kabla hajagusa nyuzi, na solo ikiisha anamrudisha taratibu wala hakuna aliyeshtuka. Sisi tunasema leo gitaa lilikuwa linalia, na ni kweli lililia, ila kuna mtu alilifungulia mlango lilie. Naumia sana nikiona wasanii wanawashukuru wadhamini, MC, na walinzi alafu fundi mitambo hatajwi hata kwa jina moja.

Jambo jingine alilonifungua macho ni hili la nyimbo za mwanzo. Saundi cheki, yaani kujaribu sauti kabla ya shoo, inafanyika ukumbi ukiwa mtupu, sakafu tupu na kuta tupu, sauti inagonga huku inarudi kule. Miili ya watu inameza sauti, hasa zile za juu, kwa hiyo watu wakishajaa ule ukumbi unakuwa ukumbi mwingine kabisa kwenye masikio, na yote waliyopanga mchana lazima yapangwe upya watu wakiwa wanaangalia. Ndo maana wimbo wa kwanza na wa pili mara nyingi unasikika kama haujakaa sawa. Mtu anayetoka nje wimbo wa pili akilalamika sauti mbovu hajampa fundi nafasi ya kumaliza kazi. Bendi kubwa zenye uzoefu zinalijua hili, utaona wanaanza na wimbo rahisi wenye mdundo mnene, ule wa kuringa na sauti laini wanauweka mbele huko mambo yakishatulia.

Besi nayo ina vituko vyake. Sauti ya chini, tuseme ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita 7, sasa mwili wa binadamu sio kitu kwa wimbi la namna hiyo, linakuzunguka linaendelea na safari yake. Sauti za juu, zile za matoazi na zile herufi za s na t kwenye maneno, mawimbi yake ni mafupi mno, yakikutana na mgongo wa mtu mrefu aliye mbele yako yanaishia hapo hapo. Kwa hiyo ukisimama nyuma ya nyomi bila kuziona spika utasikia dum dum dum alafu mtu anabwabwaja haeleweki anasema nini. Kanuni yangu ni nyepesi, kama siioni spika basi na yenyewe hainioni mimi. Alafu kuna la zaidi, spika za besi zikiwekwa lundo kushoto na lundo kulia mawimbi yake yanakutana, katikati yanasaidiana besi inakuwa nene hadi suruali inatikisika, pembeni kuna sehemu yanauana na besi inakuwa kama imekatwa na kisu. Kwenye ukumbi wa ndani kona ndo zinakusanya besi hadi inaziba kila kitu. Kwa hiyo kabla hujasema sauti mbovu sogea kwanza, hatua mbili tatu tu kushoto au kulia, uone. Nimeshawavuta watu mkono wakasogea kidogo tu na uso ukabadilika hapo hapo.

Viwanjani sasa, kule mbali kabisa, kuna kitu kizuri ambacho watu wengi wanadhani ni kasoro. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya joto la kawaida, wakati mwanga kwa umbali huo unafika papo hapo. Ukikaa mita 100 kutoka stejini unaona mpiga drams ameshusha fimbo na mlio unakufikia baadae kidogo, karibu theluthi ya sekunde, na kwenye mdundo wa haraka hiyo ni nyingi sana. Ndo maana watu elfu kadhaa wakipiga makofi kwa mdundo unayaona yanatembea kama wimbi kutoka mbele kwenda nyuma, hakuna aliyekosea, kila mmoja anapiga pale sauti ilipomfikia. Zile nguzo zenye spika katikati ya uwanja zipo kwa ajili hiyo, na sauti yake inacheleweshwa makusudi ili ilingane na ile inayokuja kutoka stejini, bila hivo ungesikia kila neno mara mbili. Nikiwa huko mbali natafuta nguzo, nasimama mbele yake kidogo, na macho nayaachia skrini, maana stejini mtu anaonekana mdogo kama punje.

Kuna wakati hivi vyote havikuwepo. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles, bendi ya Uingereza, walipiga kwenye uwanja wa Shea kule New York mbele ya watu zaidi ya 55,000, na sauti ya kuimba ilipitia spika za uwanja wenyewe, zile za kutangazia mechi, juu ya mashabiki wanaopiga mayowe bila kupumua. Wao wenyewe pale stejini walikuwa hawajisikii. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Agosti 1966, wakapiga San Francisco na ikawa shoo yao ya mwisho ya kulipia, na kutokujisikia ni moja ya mambo yaliyowachosha. Mimi nikiwaza lile nyomi naona huruma kwa pande zote mbili, mashabiki wamekuja kumsikia mtu wanayempenda na mapenzi yao yenyewe ndo yanamziba. Miaka michache baadae, 1974, Grateful Dead, bendi ya Marekani, wakajenga ukuta mzima wa spika nyuma ya migongo yao wenyewe, ili wanachosikia wao ndo hicho hicho wanachosikia watu, na ili maiki zisipige ule mluzi wakawa wanaimbia maiki mbili mbili kwa mtu mmoja, moja inaimbiwa nyingine inafuta makelele ya ukuta. Ulikuwa mzigo mkubwa mno kusafirisha na kufunga, haukudumu hata mwaka huo kuisha. Ila wazo lenyewe nalipenda mpaka leo, kwamba bendi na watu wake wasimame ndani ya sauti moja.

Sauti ikishakaa, macho yaanze kazi. Hapa ndo naona watu wanapoteza utamu mwingi, wanamwangalia mwimbaji tu sababu taa zinamwangalia yeye. Mimi namtafuta mpiga besi. Kuna mzee mmoja nilimwona, amesimama karibu kabisa na drams, ubavu kwetu, macho yake yako kwenye mguu wa kulia wa mpiga drams, ule unaokanyaga dramu kubwa, wala hajali watu. Mwimbaji alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito, akafika kwenye ubeti ambao ukumbi wote ukamwimbia, yeye akanyamaza akawaachia. Alipotaka kuurudia hakusema neno, aligeuza shingo kidogo tu, bega likashuka. Mzee akaitikia kwa kidevu. Mpiga drams akavuruga mkupuo mmoja mfupi na bendi nzima, kinanda, gitaa la rizimu, watu wa tarumbeta, wote wakarudi mwanzo wa ubeti kwa pamoja kana kwamba ndo ilivyoandikwa. Watu waliokuwa karibu nami walikuwa wanaimba wamefumba macho. Mimi nilikuwa natetemeka kwa furaha, kwa sababu niliona uamuzi unazaliwa, ukapita kwenye shingo, kidevu na fimbo, ukatufikia sisi kama mziki, na yote hayo kwa muda wa pumzi moja.

Kwenye dansi la Kikongo ni hivo hivo, ukisubiri sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, lifunguke angalia nani anaangalia nani. Kwenye rekodi sebene lina urefu wake limekatwa studio, ila laivu halina mwisho uliopangwa, linakwenda kadri wachezaji na watu wanavyopandishana, na yule anayerap na kuita majina ndo anasoma ukumbi, akiona miguu imeanza kuchoka anabadilisha mtindo. Hapo bendi haipigi kwa ajili yako tu, inapiga na wewe.

Mfano mkubwa kabisa wa hili kwangu ni Umm Kulthum, yule mwimbaji mama wa Misri. Kwa miaka mingi Alhamisi ya kwanza ya mwezi, msimu wa shoo zake, redio ya Cairo ilikuwa inarusha anavyoimba laivu, na wimbo mmoja ulikuwa unaweza kumaliza saa nzima na zaidi. Haukuwa mrefu kwa sababu ya maneno mengi. Ulirefuka kwa sababu alikuwa anarudia mstari, watu wakilia na kupiga kelele za kumtaka aurudie anaurudia tena kwa namna nyingine, anageuza mahali pa kuvuta, anabana neno lile lile, alafu anangoja awasikie. Ukisikiliza zile rekodi za laivu ukumbi wenyewe unausikia umekuwa sehemu ya wimbo, ukiwatoa wale watu wimbo unavunjika. Upande mwingine kabisa kulikuwa na Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, kule Lagos, yeye anajulikana kwamba wimbo akishaurekodi anauacha, haupigi tena jukwaani, unaenda kwake kusikia ambacho hakijatoka. Wawili hawa ukiwaweka pamoja wanaonekana kama wanapingana ila mimi naona walitaka kitu kimoja, kwamba aliyekuja apate ambacho aliyebaki nyumbani na rekodi yake hawezi kukipata.

Sasa ndo tuje kwenye pleibeki, yaani kuimba juu ya rekodi inayochezwa, maana hapa nina msimamo. Sina ugomvi na msanii anayecheza kwa nguvu dakika nzima akasaidiwa na sauti za nyuma zilizorekodiwa, mapafu ni mapafu. Lakini CD inachezwa na sauti yake yote imo alafu yeye anaruka ruka anapayuka maneno ya mwisho ya kila mstari, alafu tangazo liliandikwa laivu kwa herufi kubwa, hapana. Kumjua ni rahisi. Angalia maiki ikiwa mbali na mdomo na sauti haijapungua. Sikiliza mwisho wa wimbo, kwenye rekodi nyingi wimbo unafifia taratibu hadi unapotea, hiyo ni kazi ya studio, bendi halisi ni nadra kufifia hivo, kwa kawaida inakubaliana mahali pa kusimama, kwa hiyo wimbo ukiisha kwa kufifia anza kushuku kwamba hakuna aliyekuwa anaupiga. Na sikiliza makosa. Bendi ya watu itakuwa na kwikwi mahali, mwimbaji ataingia mapema, mpiga kinanda atamfukuzia, na ile kufukuziana ni tamu mno, ni ushahidi kwamba kuna watu pale wanasikilizana.

Kuna usiku umeme ulikatika katikati ya wimbo. Kila kitu kikafa, taa, gitaa, kinanda, besi, ukimya wa ghafla uliojaa watu. Alafu kwenye giza tukasikia drams, maana drams haihitaji umeme, jamaa hakuacha hata pigo moja lipite. Mdundo ule ule, ila sasa mwembamba, uko mbali, unatoka upande mmoja tu. Watu wa mbele wakaanza kuimba kiitikio, wa katikati wakadaka, wa nyuma wakachelewa kidogo kama ilivyo kawaida ya sauti, na kwa muda ukumbi mzima ukawa unaimba na mtu mmoja aliyekuwa haonekani. Mwimbaji mwenyewe akashuka hadi kwenye vyuma akawa anaimba bila maiki na sisi, sauti yake ndogo ya kawaida, ya mtu. Umeme uliporudi gitaa liliingia kwa kishindo, sijui kama kuna watu wawili wanaoweza kukusimulia ile sehemu kwa namna moja, kwa sababu kila mtu aliisikia kutoka pale alipokuwa amesimama.

Naomba niseme na mambo ya afya maana mapenzi ya mziki bila masikio yatakuwa ya nini. Taasisi za usalama kazini zinachukulia desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kuwa unaweza kukaa nazo saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa nusu, kwa hesabu hiyo desibeli 100 ni dakika 15 tu. Na 100 kwenye shoo ni kitu cha kawaida. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100 na wasikilizaji wapewe viziba masikio na sehemu tulivu ya kupumzikia. Ile nzzzz unayosikia kichwani ukilala baada ya shoo ni masikio yameumia, kwa wengi inaondoka, kuna wengine inabaki maisha yote, na vile vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Mimi natembea na viziba masikio vya mziki, vile vyenye kichujio, vinashusha sauti zote kwa usawa, sio vile vya sifongo vinavyokata sauti za juu na kukuachia besi tupu, ingawa hata vya sifongo ni bora kuliko kukosa kabisa. Na mtoto mdogo ukimleta mvalishe vile vya kufunika masikio yote, tafadhali sana. Kukaa ubavuni kwa spika sio ushujaa.

Na kuna jambo la kusimama ambalo ni la uhai kabisa. Tarehe 3 Desemba 1979 watu 11 walifariki Cincinnati, Marekani, nje ya ukumbi kabla ya shoo ya bendi ya The Who, tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti na watu walisukumana milangoni kuwahi mbele. Tarehe 30 Juni 2000 kwenye tamasha la Roskilde kule Denmark vijana 9 walikufa mbele ya steji bendi ya Pearl Jam ikiwa inapiga. Novemba 5 mwaka 2021 kule Houston, Marekani, tamasha la Astroworld, watu 10. Watu wanadhani ni kukanyagana, ila mara nyingi mtu anakufa akiwa amesimama wima, kifua kinabanwa pande zote hakiwezi kutanuka kuingiza hewa. Walio nyuma hawajui, wao wanasukuma kwa furaha tu wanataka kuona. Wataalamu wa nyomi wanasema watu wakizidi kama watano kwenye mita moja ya mraba hali inaanza kuwa ya hatari.

Hauwezi kuhesabu ukiwa ndani ila mwili unakwambia. Ukiona huwezi kuinua mkono kukuna pua, ukiona unasogea bila miguu yako kuamua, toka hapo hata kama ni wimbo unaoupenda kuliko zote. Mikono weka mbele ya kifua kama bondia ujiachie nafasi ya kupumua, usipayuke unapoteza hewa, ngoja wimbi la kusukumwa litulie ndo usogee, na usogee kwa mshazari kuelekea pembeni, usishindane nalo uso kwa uso. Ukimuona mtu ameanguka mwinueni kwanza kabla ya chochote. Ukifika ukumbini angalia milango yote, sio ule mmoja ulioingilia. Na msanii anayesimamisha wimbo kwa sababu ameona mtu anabanwa mbele, huyo mpeni heshima zote, msimzomee.

Simu sitaongea sana. Rekodi wimbo mmoja uwe na kumbukumbu alafu ishushe, aliye nyuma yako naye amelipa.

Wasanii wa kufungua shoo nao wana haki yao. Mara nyingi bendi kubwa inafanya saundi cheki kwanza na vyombo vyake vinabaki palepale, wale wadogo wanapangwa mbele ya vyombo vya watu kwenye kipande kidogo cha steji na muda wa kujaribu sauti unakuwa umekwisha. Kwa hiyo wakisikika hafifu usiharakishe kuhukumu vipaji vyao. Mimi nafika mapema kwa ajili yao, na faida yake ni kwamba ukumbi bado una nafasi, unatembea unajaribu huku na kule, kona hii, nyuma ya mikseri, karibu na nguzo ile, wimbo mmoja huku mwingine kule, mpaka bendi kubwa inapopanda wewe tayari unajua pako ni wapi na watu waliochelewa wanakutazama wanajiuliza mbona huyu ameganda hapo wala sio mbele.

Sehemu pekee ambayo bado inaninyima usingizi ni nyuma ya steji, upande wa mpiga drams. Kumbi chache zina viti vinavyozunguka hadi huko, watu wanavikwepa kwa sababu unaona migongo ya wasanii na spika zote zinaangalia kwingine. Sauti huko najua itakuwa mbaya, maneno sitayapata, besi itakuwa imevimba. Ila nitauona ule mguu wa kulia, nitaona shingo zinavyogeuka, na nitaziona nyuso za watu kama bendi inavyoziona. Shoo inayofuata ukumbi wake una viti vya hivo, na nimeshaomba safu ya mbele kabisa ya upande huo.